Chini ya Paa la Leipzig

Saa ya Kiswahili imejengwa juu ya jua la ikweta. Jua likichomoza ni saa kumi na mbili asubuhi, likizama ni saa kumi na mbili jioni, na tofauti ya mwezi na mwezi ni ya dakika tu. Mjini Leipzig, mashariki mwa Ujerumani, hesabu hiyo haina pa kushika. Mwisho wa Desemba na mwanzo wa Januari jua huchomoza saa mbili kupita asubuhi, na saa kumi jioni ikipita kidogo tu limekwisha zama. Hata huo mchana mfupi mara nyingi hupita bila jua lenyewe kuonekana, wingu la rangi ya jivu likiwa limetanda juu ya mapaa tangu asubuhi hadi taa za barabarani ziwashwe tena. Baridi ikishuka chini ya sifuri, sauti za mji hupungua. Watu hutembea upesi, shingo zimezama ndani ya skafu, na hakuna anayesimama njiani kumuuliza mwenzake habari za nyumbani.

Majengo ya mji huu yamesifiwa sana kwa sura zake za nje, na sifa hizo yanazistahili. Mimi nataka kuyasifu kwa ndani, na kwa jambo moja: jinsi yanavyompa mpita njia paa bila kumuuliza anakwenda wapi. Katika nchi ambayo baridi inaweza kuua mtu aliyelala nje, paa ni jambo zito, na anayelitoa bure ametoa kitu kikubwa.

Tuanze na stesheni kuu, kwa kuwa wageni wengi huingilia hapo. Uso wake una upana wa mita 298, wa jiwe la mchanga, ukitazama njia za tramu. Ukisimama mbele yake huwezi kuuona wote kwa mara moja. Lazima ugeuze kichwa. Kuna malango mawili makubwa yanayofanana, moja magharibi na jingine mashariki, na nyuma ya kila lango kuna ukumbi mrefu wa kuingilia, kisha ngazi pana ya kupandia kwenye majukwaa. Kufanana huko kuna sababu. Stesheni ilipobuniwa, Ujerumani ilikuwa himaya yenye falme ndani yake, na falme kubwa zilikuwa na mashirika yao ya reli. Leipzig ilikuwa mji wa Saksonia, lakini treni za Prusia nazo zilifika hapo kwa wingi, na hakuna aliyekubali kuwa mgeni kwa mwenzake. Basi ikajengwa stesheni moja yenye nyumba mbili: magharibi ya Prusia, njia ya 1 hadi ya 13, mashariki ya Saksonia, njia ya 14 hadi ya 26. Kila upande ulikuwa na ukumbi wake, madirisha yake ya tiketi, vyumba vyake vya kungojea na wakubwa wake. Falme zenyewe zilianguka mwaka 1918, lakini mgawanyo wa uendeshaji haukwisha kabisa hadi miaka ya 1930.

Wasanifu wake, William Lossow na Max Hans Kühne wa Dresden, walikuwa miongoni mwa washindi wa shindano la mwaka 1906, na mchoro wao waliupa jina la Mwanga na Hewa. Jiwe la msingi liliwekwa mwaka 1909 na kazi ikakamilika Desemba 1915, katikati ya vita. Jina lile la mchoro nililielewa nilipoingia. Hii ni stesheni ya mwisho wa reli: treni huingia zikiwa zimeelekeza vichwa kwako na kusimama, kisha hutoka kwa kurudi zilikotoka. Kwa hiyo mbele ya njia zote pamewekwa ukumbi mmoja wa kukatisha, mrefu kama upana wa majukwaa yote, wenye matao ya zege juu, na nyuma yake yakafuata mapaa ya chuma na kioo yanayofunika treni. Abiria anashuka, anatembea moja kwa moja, anauona mwanga wa madirisha ya juu, na anajua pa kutokea bila kusoma kibao. Mchana wa Januari, ambapo nje hakuna kivuli kwa kuwa hakuna jua, mwanga mwingi uliobaki mjini hukusanywa humo ndani.

Ukumbi ule haupashwi joto kama nyumba. Upande wa majukwaa ni wazi, na hewa ya reli hupita. Kinachofanyika ni kwamba upepo umekatwa, na hilo peke yake hubadilisha mwili wa mtu. Nilisimama karibu na ngazi ya magharibi nikiwatazama wanaoingia. Hatua nne tano baada ya mlango, mabega yanashuka. Mkono mmoja unatoka kwenye glavu. Wenye miwani wanasimama ghafla, kwa kuwa vioo vimeshika ukungu, wanaivua na kuifuta kwa ncha ya skafu, na kwa muda huo mfupi watu wasiojuana wanatazamana usoni, jambo ambalo barabarani halifanyiki. Mama mmoja alipiga magoti kumfungulia mtoto zipu ya koti, akamtoa kofia, akamfunga tena vizuri zaidi, kisha wakatoka walikoingilia. Hawakuwa na safari. Walikuja kupumzika na baridi.

Waliweza kufanya hivyo kwa sababu stesheni za reli za Ujerumani hazina vizuizi vya tiketi. Zamani mtu wa kusindikiza alinunua tiketi ndogo ya kumruhusu kufika jukwaani. Desturi hiyo imekufa karibu kote. Leo unaweza kutoka barabarani ukatembea hadi mlango wa behewa, ukamkumbatia mtu wako, ukasimama hadi treni iondoke, na asiwepo wa kukuuliza chochote. Tiketi huangaliwa ndani ya treni.

Ilinijia pale kwamba miaka stesheni hii ilipokuwa ikijengwa ndiyo miaka Wajerumani walipokuwa wakijenga Reli ya Kati kwetu. Walianza Dar es Salaam mwaka 1905, wakafika Morogoro mwaka 1907, Tabora mwaka 1912, na Kigoma mapema mwaka 1914. Ni himaya ileile na chuma kilekile. Lakini reli ya huku iliwekwa kwanza kwa ajili ya utawala, jeshi na mazao, na vibarua Waafrika waliochimba tuta na kubeba mataruma hawakuwa ndio watu ambao msanifu alikuwa akiwawaza alipochora. Pale Leipzig kila abiria, hata wa daraja la chini kabisa, alifikiriwa atakaa wapi akingoja. Tofauti hiyo ya kufikiriwa na kutofikiriwa ndiyo inayodumu katika majengo muda mrefu baada ya waliojenga kwenda zao.

Kutoka stesheni hadi katikati ya mji ni mwendo mfupi wa miguu, na ni hapo nilipokutana na binti wa Kitanzania anayesoma chuo kikuu. Kwao ni Kidia, Moshi ya Zamani. Aliniamkia kwa adabu ya nyumbani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo na baridi?"

"Sijambo. Lakini tusipite barabarani, baba, tutaganda. Hapa tunapita ndani kwa ndani."

Akaniongoza kwenye mlango ambao mimi ningeupita nikidhani ni wa duka. Ulikuwa mlango wa njia. Katikati ya Leipzig, mtaa baada ya mtaa, majengo yametobolewa: unaingilia barabara hii, unatembea chini ya paa la kioo au dari iliyochorwa, ukipita maduka ya vitabu, mikahawa na ngazi za ofisi, unatokea barabara nyingine. Unavuka lami haraka, unaingia tena. Mgeni hutazama ramani akaona mitaa. Mwenyeji ana ramani nyingine kichwani, ya milango.

Asili yake ni biashara. Leipzig ilipewa na Mfalme Maximilian, aliyekuja kuwa Kaizari, haki ya maonyesho makubwa ya biashara mwaka 1497, na kwa karne nyingi wafanyabiashara wa mashariki na magharibi ya Ulaya walikutana humo. Mikokoteni ya farasi ilikuwa tatizo: barabara ni nyembamba, na mkokoteni wenye mzigo haugeuki kirahisi. Suluhisho lilikuwa kujenga nyumba yenye ua uliotoboka pande mbili. Mkokoteni unaingia kwa mbele, unashusha mzigo uani, unatokea nyuma. Barthels Hof, iliyojengwa katikati ya karne ya 18, bado inaonyesha utaratibu huo, na juu ukutani bado kuna boriti za kupandishia mizigo ghalani. Mwishoni mwa karne ya 19 wafanyabiashara waliacha kuleta mali yote wakawa wanaleta sampuli tu, na mji ukajenga majumba ya maonyesho yenye ghorofa nyingi. Desturi ya ua uliotoboka haikuachwa, iliezekwa.

Njia hizo za ndani huitwa pasaji, na inayojulikana kuliko zote ni ya Mädler, kazi ya msanifu Theodor Kösser, iliyojengwa kati ya 1912 na 1914 kwa fedha za Anton Mädler, mtengeneza masanduku ya safari. Ndani yake, penye duara la katikati, kuna kengele za kauri ya Meissen. Chini ni Auerbachs Keller, pango la mvinyo ambalo Goethe, aliyesoma Leipzig tangu 1765 hadi 1768, aliliingiza katika tamthilia yake ya Faust. Mlangoni pake kuna sanamu za shaba, na kiatu cha Faust kimeng'aa kama dhahabu kwa kuguswa, kwa kuwa watu husema anayekigusa atarudi Leipzig. Binti yule hakukigusa. Alisema yeye anaishi hapa, arudi kutoka wapi? Kisha akasimama mahali ambapo paa la kioo linashuka chini kidogo na kusema kwamba wiki zake za kwanza, kabla hajamfahamu mtu yeyote, alikuwa akija kusimama hapo baada ya masomo. Hakuwa na pesa ya kahawa ya kila siku. Alisimama akitazama watu wakipita, na hakuna aliyemfukuza.

Mtu wa Lamu au wa Mji Mkongwe akisikia hayo ataelewa upesi, maana ana baraza. Mwenye nyumba alijenga nyumba yake, kisha akaongeza kiti cha mawe nje ya ukuta, akampa mtaa. Anayekaa hapo hajaingia kwako, wala hayuko barabarani. Leipzig nayo ina sehemu kama hiyo, ila baridi imeisukuma ndani, nayo ikageuka njia. Tofauti ni kwamba barazani watu hukaa, na kwenye pasaji watu hupita. Anayetaka kukaa lazima anunue kitu. Hilo nitalirudia.

Tulipotoka upande wa pili tulikuwa tumefika Nikolaikirche. Ni kanisa la tangu karne ya 12, na kwa nje ni gumu na la kijivu kama siku yenyewe. Ndani kuna jambo ambalo sikulitegemea katika latitudo ile. Kati ya 1784 na 1797 msanifu Johann Carl Friedrich Dauthe alilibadilisha lote kwa ndani. Nguzo zake ni nyeupe, zenye michirizi ya kusimama. Juu, pale ambapo nguzo hukutana na dari, kila moja inapasuka kuwa makuti. Makuti ya kijani hafifu, yaliyopinda kwa uzito wake, kila moja limechongwa uti wa katikati na vijani vyake, na juu yake dari ya rangi ya waridi iliyopauka. Nilikaa kwenye kiti cha nyuma nikiyatazama kwa muda mrefu. Mimi nimekulia chini ya minazi, na ninajua kuti linavyokaa upepo ukiwa umetulia. Aliyechonga yale alilijua kuti, au alikuwa na mchoro mzuri sana mbele yake.

Tangu 1982, kila Jumatatu saa kumi na moja jioni, watu walikusanyika hapo kuombea amani. Mlangoni kulikuwa na kibao kilichosema kanisa liko wazi kwa wote, na mchungaji Christian Führer alilichukua neno hilo kwa maana yake kamili: wasioamini walikuja, waliotaka kuhama nchi walikuja, vijana waliokuwa wakifuatwa na polisi walikuja. Tarehe 9 Oktoba 1989 serikali ya Ujerumani Mashariki ilituma mamia ya wanachama wa chama tawala wakajaze viti mapema, ili wengine wakose nafasi. Nao wakakaribishwa. Wakakaa chini ya makuti yale, wakasikiliza sala. Jioni hiyo watu wapatao 70,000 walijaa mitaani, wakatembea kuuzunguka mji wa ndani kwa barabara ya mzunguko, wakapita mbele kabisa ya stesheni kuu, wakitamka kwamba wao ndio wananchi. Askari walikuwa tayari. Risasi hazikupigwa. Mwezi mmoja baadaye ukuta wa Berlin ulifunguliwa.

Serikali hiyohiyo, tarehe 30 Mei 1968, ilikuwa imelipua kwa baruti kanisa la chuo kikuu, jengo zima la zama za kati lililosalimika na mabomu ya vita, kwa kuwa halikufaa katika picha ya uwanja mpya. Mahali pake sasa pana jengo la Mholanzi Erick van Egeraat, lililofunguliwa mwaka 2017, lenye kuta zinazokumbusha kanisa lililokufa. Ni jengo zuri. Sikuvutiwa nalo sana. Linajitahidi mno kukumbuka.

Kwenye uwanja wa Nikolaikirche imesimamishwa nguzo moja ya makuti kama zile za ndani, tangu 1999, kuonyesha kwamba kilichoanza chini ya paa kilitoka kikaenda barabarani. Tulisimama karibu nayo. Binti akaniambia, "Kanisa la kwetu Kidia, baba, lilianzishwa na watu waliotumwa kutoka mji huu." Ni kweli. Misheni ya Kilutheri ya Leipzig iliingia Uchaggani mwaka 1893, na mchungaji wake Bruno Gutmann aliishi Moshi ya Zamani kwa miaka mingi, akaandika mila za Wachagga kurasa kwa mamia. Na Hans Meyer, mchapishaji wa vitabu wa Leipzig, ndiye aliyefika kileleni Kibo, Mlima Kilimanjaro, mwaka 1889 pamoja na Ludwig Purtscheller, akakipa kilele jina la Kaiser, akachukua jiwe la huko na kumpelekea Kaiser wake. Machi 1900, Mangi Meli, mtawala wa Wachagga wa Moshi, na viongozi wenzake walinyongwa na utawala wa kikoloni palepale Moshi ya Zamani, na familia yake bado inatafuta kichwa chake, kinachoaminika kupelekwa Ujerumani. Niliyaweka mambo hayo pamoja pale uwanjani na hayakupatana. Mji uliojua kumfungulia mlango kila mtu nyumbani kwake ulituma watu waliobisha hodi mlimani kwetu wakiwa na vitabu, na nyuma yao kukawa na bunduki. Binti anayetoka huko sasa anasoma hapa kwa haki yake, na anajua njia za ndani kuliko wenyeji wengi.

Jioni, yaani saa kumi na moja, gizani, nilirudi stesheni peke yangu. Kwenye njia ya 24, upande wa Saksonia, hazipiti tena treni za abiria. Pamewekwa treni za zamani, na kichwa cheusi cha mvuke ambacho watoto hupenda kupigia picha. Karibu hapo kuna kumbukumbu ya Wayahudi na Wasinti na Waroma waliopelekwa kutoka Leipzig kwenda kuuawa. Treni ya kwanza ya Wayahudi iliondoka mjini tarehe 21 Januari 1942, ikiwa na zaidi ya watu mia tano, kuelekea Riga. Ilikuwa katikati ya baridi kama ile niliyokuwa nimesimama nayo. Walikuwa wenyeji wa mji huu. Walifanya biashara kwenye pasaji zilezile, na wengine waliwahi kusindikiza wageni wao katika majukwaa haya. Nimesema paa la umma ni zawadi; hapo lazima niseme pia kwamba zawadi hiyo imo mikononi mwa wenye mamlaka, na wakiamua kwamba fulani si mtu wa hapa, chuma na kioo havitamtetea. Tarehe 7 Julai 1944 mabomu ya Wamarekani yaliangusha paa la ukumbi mkubwa na kuua watu waliokuwa chini yake. Ujerumani Mashariki, iliyokuwa na uhaba wa kila kitu, ililijenga tena kwa miaka mingi katika sura yake ya zamani. Kwa hilo nawapa heshima yao.

Baada ya nchi mbili kuungana, stesheni ilikarabatiwa tena. Mwaka 1997 sakafu ya ukumbi wa kukatisha ilitobolewa na chini yake yakachimbwa madaraja mawili ya maduka. Kazi imefanywa vizuri. Mwanga wa juu hushuka hadi chini, na ni humo chini ambamo kuna joto la kweli. Mwaka 2013 likaongezwa handaki la treni za mkoa linalopita chini ya mji, lenye vituo vinne, kikiwemo cha Wilhelm-Leuschner-Platz, ambacho msanifu Max Dudler alikijenga kwa kuta za matofali ya kioo yanayowaka taa kwa nyuma. Ukishuka humo kutoka giza la Januari, macho hupumzika.

Lakini maduka yamebadilisha kitu. Palipo na duka, kukaa kunauzwa. Katika stesheni nyingi za Ulaya siku hizi mabenchi yamepungua, na yaliyobaki yametiwa vyuma vya katikati ili mtu asijilaze. Viti vingi unavyoviona ni vya mikahawa, na kila kimoja kina bei yake ya kikombe. Anayetembea anakaribishwa. Anayechoka anaangaliwa. Nilimwona mzee mmoja akizunguka ngazi za chini, mfuko mkononi, akisimama mbele ya kila dirisha la duka muda uleule, kama mtu anayechagua. Hakuwa anachagua. Alijua muda ambao mtu anaweza kusimama bila kuulizwa.

Hata hivyo upande wa magharibi kuna mlango mmoja ambao ningependa kila msanifu auone kabla hajachukua kalamu. Ni wa Bahnhofsmission, huduma ya makanisa kwa watu wa stesheni. Ilianza Berlin mwaka 1894 kwa ajili ya wasichana waliokuja mjini kutafuta kazi na kuangukia mikononi mwa matapeli. Wanazi waliizuia, na Ujerumani Mashariki ikaipiga marufuku katika miaka ya 1950. Ilirudi. Ndani kuna meza, chai ya moto, kiti, na mtu wa kujitolea mwenye fulana ya bluu. Kipofu husaidiwa kubadilisha treni. Mtoto anayesafiri peke yake hungojewa. Asiye na makazi hupata saa moja ya kukaa. Chumba ni kidogo na hakina tao hata moja. Kwa maoni yangu ndicho kinacholipa stesheni ile nzima haki ya ukubwa wake.

Nayaandika haya wakati sisi nasi tunajenga. Reli ya kisasa ya Mombasa hadi Nairobi ilianza kubeba abiria mwaka 2017, na ya Dar es Salaam hadi Dodoma mwaka 2024, na stesheni zake ni kubwa, za kioo, za kujivunia. Kwetu adui si baridi, ni jua la saa tisa na mvua ya masika. Na kwetu msafiri hasafiri peke yake: ana mama aliyekuja kumuaga, mdogo wake aliyebeba mzigo, shangazi aliyekuja na chakula kwenye hotpoti. Hao wote hawana tiketi. Wanaposimamishwa nje ya uzio juani, stesheni imewakataa watu wake. Ulinzi una sababu zake, nami sizipuuzi, lakini uzio unaweza kuwekwa baada ya kivuli badala ya kabla yake. Ninyi mnaochora na ninyi mnaoidhinisha michoro: sogezeni paa nje ya lango, liwafikie wanaosindikiza na wanaopokea. Wekeni mabenchi ya kutosha, marefu, yasiyo na vyuma vya katikati, na maji ya kunywa, na choo kisichodai tiketi. Gharama yake ni ndogo mno mbele ya gharama ya kioo.